Anzia maji yatakapotokea: mtaro wa French kwa nyumba kuukuu yenye chumba cha chini

Mwaka wa kwanza tulipohamia nyumba hii, chumba cha chini, kilichozama ardhini, kiliingia maji mara nne. Hayakuwa mafuriko ya kuelesha vitanda. Yalikuwa maji ya vifundoni, ya baridi, yanayochukua siku mbili kujikusanya na wiki mbili kukauka, na kila yakiondoka yanaacha mstari wa tope kwenye miguu ya meza na harufu ya gunia bichi hadi ngazini. Nyumba yenyewe ni kuukuu. Kuta za chini ni mawe yasiyochongwa yaliyoshikanishwa kwa chokaa, sakafu ni zege jembamba lililomwagwa miaka mingi baada ya nyumba kusimama, na huko nje hakuna aliyewahi kuweka kitu cha kuyaongoza maji.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, basi nikaziba. Niliziba kwa saruji, nikaziba kwa dawa ya kupaka, nikamalizia na rangi nzito ambayo kopo lake liliapa kwamba haipitishi maji. Kweli haikuyapitisha. Maji yalikaa nyuma yake, rangi ikafura malengelenge kama ngozi iliyoungua, na kila ufa niliouziba ukamwachia zamu mwenzake. Miaka miwili ikakatika hivyo.

Ndipo nikamleta fundi mmoja mzee, mwashi aliyekwishastaafu kazi za kutwa. Hakutoa kifaa chochote. Aliweka kiganja ukutani, akakishusha polepole kama tabibu anayetafuta penye maumivu, akakifuta kwenye suruali, kisha akaniuliza:

"Mjukuu wangu, haya maji umeyapa pa kwenda?"

"Babu, mimi nataka yasiingie tu."

"Ndiyo nakuuliza. Yasiingie, yaende wapi?"

Sikuwa na jibu. Yafuatayo ni jibu nililolipata baadaye, kwa koleo na kwa kukosea: mtaro wa French, yaani mtaro wa kokoto na bomba lenye matundu unaoyapa maji pa kwenda.

Kwanza ujue ni maji gani

Si kila unyevu wa chumba cha chini unatoka ardhini. Hewa yenye joto ikigusa ukuta wa baridi hutoa jasho lake pale pale, na hakuna mtaro utakaotibu jasho. Kata kipande cha nailoni cha sentimita 60 kwa 60, kibandike ukutani kwa gundi ya utepe kingo zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa chumbani, ni jasho: unahitaji hewa ipite au mashine ya kukausha hewa. Ukikuta ukuta umelowa nyuma ya nailoni, maji yanapenya kutoka nje. Kwangu yalikuwa yote mawili, ila ya nyuma yalishinda. Dalili nyingine ni ule unga mweupe wa chumvi juu ya mawe. Maji yanapopita ukutani huyeyusha chumvi, yakifika usoni yanakauka na kuiacha. Unga ule unakuonyesha yanapopita hasa, kwa hiyo usiufagie kabla hujaupiga picha.

Kisha toka nje mvua ikiwa inanyesha. Vaa koti, simama, utazame. Nilikuwa sijawahi kufanya hivyo, na aibu yake ninayo hadi leo, kwa sababu dakika 10 tu zilitosha kuona kwamba bomba la gata la pembeni lilikuwa linamwaga maji yote chini ya ukuta uleule unaovuja. Piga hesabu: paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 25 linakusanya lita 2,500. Hayo ni zaidi ya mapipa 12 ya lita 200, yakimiminwa kwenye kona moja ya nyumba, halafu mtu anashangaa.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata mita moja ya bomba la mtaro: safisha gata, rekebisha zilizolegea, na peleka maji yake mita 2 hadi 3 mbali na ukuta kwa bomba lisilo na matundu. Baada ya hapo tazama ardhi inayozunguka nyumba. Inatakiwa ishuke kutoka ukutani, angalau sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza. Nyumba kuukuu mara nyingi imepata kinyume chake: udongo uliofukiwa kando ya msingi umetitia, watu wamelima bustani za maua wakainua ardhi ya mbele, na sasa kuna beseni refu linalokumbatia ukuta. Jaza udongo wa mfinyanzi, ushindilie, utoe mteremko. Usifunike matofali ya matundu ya hewa wala mbao za ukuta.

Wapo watakaoishia hapa na chumba chao kitakauka. Mimi maji yalipungua kwa kiasi cha kunishangaza, lakini hayakukoma. Kiwanja changu kiko kwenye mteremko, na maji ya juu yanapita ndani ya udongo hadi yakute ukuta.

Mtaro wenyewe ni kitu gani

Jina lake linawapoteza wengi. Hauhusiani na Ufaransa. Umeitwa hivyo kutokana na Henry Flagg French, mwanasheria na mkulima wa Massachusetts, Marekani, ambaye mwaka 1859 alichapisha kitabu kuhusu kukausha mashamba. Watu walikuwa wakichimba mitaro ya mawe tangu kale. Yeye aliieleza vizuri ikashika jina lake.

Kazi yake ni nyepesi kuieleza. Maji hufuata mkondo, na mkondo yanaoupenda ni ule usio na ukinzani. Ukichimba mtaro, ukaujaza kokoto safi na bomba lenye matundu chini yake, umeyatengenezea barabara pana karibu na kichochoro cha udongo. Maji yanayoelekea ukutani yanaacha kichochoro na kushika barabara. Mtaro hauzuii chochote, na ndiyo maana unadumu kuliko rangi yangu. Maji yakisimama nyuma ya ukuta kwa kimo cha mita 1, kule chini yanausukuma kwa nguvu ya karibu tani 1 kwa kila mita ya mraba. Ukuta wa mawe na chokaa haukujengwa kushindana na hilo. Ukiyashusha maji, msukumo unaondoka.

Nilivyoharibu wa kwanza

Babu aliondoka akasema atarudi baada ya mwezi. Sikungoja. Nilianza kuchimba palepale penye uchungu, kando ya ukuta, nikielekea chini ya kiwanja. Kina sentimita 40. Nikaweka bomba laini la kujikunja, matundu yakitazama juu, kwa sababu akilini mwangu maji yanaingia kutoka juu kama kwenye kikombe. Nikamwaga kokoto kama zilivyoletwa, zikiwa na vumbi lake lote. Nilipofika mita ya 18 nikagundua kwamba ardhi ya mbele ilikuwa imeinuka kidogo na sina pa kutokea, basi nikachimba shimo, nikalijaza mawe, nikaingiza bomba humo, nikafukia. Nikanawa mikono.

Udongo wangu ni wa mfinyanzi. Shimo la mawe kwenye mfinyanzi ni ndoo. Mvua ya tatu lilijaa, na likiwa limejaa, bomba langu likawa njia nzuri ya kuyarudisha maji ukutani. Nilipolifukua msimu uliofuata, nusu ya bomba ilikuwa tope laini, na mbele ya kila tundu palikuwa na kijilima cha vumbi la kokoto kilichoganda kama saruji.

Babu alisimama juu ya mtaro, akatazama kwa muda. Alisema tu, "Umejenga njia, hukujenga mlango."

Mlango kwanza

Mlango ni pale maji yatakapotokea. Basi fanya hivi. Zunguka kiwanja utafute mahali palipo chini kuliko sakafu ya chumba chako, ambapo bomba linaweza kutokeza kwenye hewa na maji yakatiririka yenyewe. Pasiwe kwa jirani, maana maji yaliyokusanywa na kuelekezwa kwake yanaleta kesi na uadui. Pasiwe karibu na karo la maji machafu wala eneo linalonyonya maji yake. Usiyaingize kwenye bomba la choo. Sehemu nyingi sheria inakataza, na mvua kubwa inaweza kukurudishia usichokitaka. Uliza mamlaka ya eneo lako maji ya mvua yanaruhusiwa kuelekezwa wapi, na uliza pia mabomba ya gesi, maji na nyaya za umeme zinapita wapi ardhini. Usianze kuchimba kabla ya jibu hili la pili.

Kama hakuna mahali pa chini, usilazimishe. Utahitaji shimo la kukusanyia maji lenye pampu, na nitalifikia.

Kupima usawa si lazima uwe na mashine ya miale. Babu alitumia mpira wa maji, bomba jembamba linaloonyesha ndani, la mita 15. Tuliujaza maji polepole tukilaza upande mmoja ndani ya ndoo, kisha akaupitisha wote mbele ya macho, inchi kwa inchi, akitafuta mapovu. Povu moja linatosha kukudanganya. Alipolipata aliligongagonga kwa kucha hadi likapanda likatoka. Ncha moja nikaishika kwenye kijiti kando ya ukuta, nyingine akaishika yeye chini ya kiwanja. Maji yalipanda, yakashuka, yakasita, yakatulia. Tukatia alama pande zote mbili, tukapima kutoka alama hadi ardhi, na tofauti ikawa ndiyo mteremko. Kwa urefu unaozidi mpira mnakwenda kwa hatua, kigingi hadi kigingi.

Kwetu kiwanja kinashuka mita 1.9 kutoka ukuta wa juu hadi pembe ya chini. Sakafu ya chumba iko mita 1.2 chini ya ardhi ya upande wa juu. Njia ya mtaro, kuzunguka pembe mbili za nyumba hadi mlangoni, ni mita 30. Mteremko wa bomba tuliuweka asilimia 1, yaani sentimita 1 kwa kila mita, hivyo bomba linashuka sentimita 30 mwanzo hadi mwisho. Mtaro ukianza na kina cha mita 1.4, unamalizikia mita 1.7 chini ya usawa wa ardhi ya juu, na bado unatokeza hewani. Hesabu hiyo ilikaa kwenye kipande cha boksi kabla sululu haijagusa chochote. Ukibanwa unaweza kushuka hadi nusu sentimita kwa mita, lakini hapo kosa dogo la mkono linaleta dimbwi ndani ya bomba.

Kuchimba bila kuuangusha ukuta wala kujizika

Sehemu hii isome mara mbili. Nyumba nyingi za zamani hazina kitako kipana cha zege chini ya kuta. Mawe yamelazwa juu ya udongo, pengine sentimita 15 au 20 tu chini ya sakafu, basi. Ukichimba kando yake na kushuka chini ya jiwe la mwisho, umeuondolea ukuta kiti. Chimba kwanza kijishimo kimoja cha uchunguzi ujue msingi unaishia wapi. Kisha fikiria mstari unaoteremka kwa nyuzi 45 kutoka ukingo wa chini wa msingi kwenda nje: mtaro wako usiukate. Tulichimba mita 1 mbali na ukuta, na tukafanya vipande vya mita 4 hadi 5, kimoja kikishalazwa kokoto na bomba ndipo tunafungua kingine. Ukuta ukiwa umetoa tumbo, au una nyufa zinazopanuka, mwite mhandisi kabla ya yote. Vilevile kwenye mfinyanzi wenye miti mikubwa karibu, maana udongo huo ukikauka kupita kiasi husinyaa na nyumba ikakaa vibaya.

Halafu wewe mwenyewe. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na ukingo wa mtaro hauombi ruhusa. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kukosa pumzi huku kichwa chake kiko nje. Kina kikizidi mita 1.2 weka mbao wima pande zote mbili na vipande vya kuzitanua katikati, udongo uliotoa umwage angalau mita 1 kutoka ukingoni, weka ngazi ndani, na usiingie ukiwa peke yako nyumbani. Kama udongo ni wa kichanga au umelowa, weka mbao hata kwa kina kidogo. Upana wetu ulikuwa sentimita 50 kwa sababu hiyo. Kwa mtaro mfupi wa kina cha goti, sentimita 30 zinatosha.

Wenye mashine ya kuchimba kazi ni ya siku moja. Sisi tulitumia sululu na koleo, siku 9, na sitaki kuzikumbuka.

Kitambaa, kokoto, bomba

Sawazisha sakafu ya mtaro kwa uzi uliofungwa vigingini, ukipima kutoka uzi kwenda chini kila mita. Usijaze penye kosa kwa udongo uliolegea, utatitia.

Tandika kitambaa cha kuchuja, kile kinachofanana na blanketi jepesi, si kile kilichofumwa kama gunia la plastiki. Chenye umbo la blanketi hupitisha maji upesi na kuzuia chembe za udongo. Kilaze kwenye sakafu na kuta za mtaro, ukiacha ziada ya kutosha kila upande ili baadaye kifunikane juu kwa sentimita 30. Penye maungio pia sentimita 30. Kuna mabomba yanauzwa yakiwa yamevishwa soksi ya kitambaa. Kwenye udongo wa vumbi laini soksi ile huziba, kwa kuwa chujio lote limebanwa kwenye eneo dogo. Ukivisha mtaro mzima, eneo la kuchujia linakuwa kubwa mara nyingi zaidi.

Kokoto ziwe za ukubwa wa milimita 20 hadi 40, na ziwe zimeoshwa. Neno hilo nalisisitiza kwa sababu kila muuzaji atakuambia ni safi. Chukua ndoo, tia makoleo mawili, mimina maji, koroga kwa mkono, mwaga kwenye karai jeupe. Maji yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa, zikatae au uzioshe mwenyewe. Tulitumia mita za ujazo 11, kama tani 16, na nusu ya kwanza niliiosha kwa mpira juu ya wavu wa chuma, toroli kwa toroli, kwa sababu ya kile kijilima cha vumbi nilichokwisha kukiona.

Mwaga tabaka la kokoto la sentimita 8, lishindilie kidogo, kisha laza bomba la plastiki gumu la milimita 100. Matundu yatazame chini. Najua inasikika kinyume. Maji hayadondoki ndani ya bomba, yanapanda: yanajaa kwenye sakafu ya mtaro na kuinuka kupitia kokoto. Matundu yakiwa chini, yanaingia mara tu yanapoinuka kidogo. Yakiwa juu, lazima yajae hadi kimo cha bomba zima ndipo uanze kupata faida. Mabomba mengi magumu yana safu mbili za matundu. Zilaze ziwe kushoto na kulia kidogo chini ya tumbo la bomba.

Kwenye kila kona usitumie kiungo cha pembe kali. Tumia viungo viwili vya nyuzi 45, ili waya wa kuzibua upite. Na mwanzoni mwa bomba na baada ya kila kona, inua bomba wima hadi juu ya ardhi na ulifunge kwa kifuniko cha kufungua kwa mkono. Vijibomba hivyo watu huviruka ili kuokoa pesa kidogo, kisha bomba likiziba wanachimba upya mita 30.

Mita za mwisho, kuanzia unapoiacha nyumba hadi mlangoni, ziwe za bomba lisilo na matundu. Hakuna haja ya kurudisha maji ardhini ulikoyatoa. Gata nazo zisiingizwe kwenye bomba lenye matundu hata kidogo: zitamwaga lita 2,500 za paa chini kabisa ya msingi wako, pamoja na majani. Ziwe na bomba lao.

Sasa simama. Kabla ya kufunika, fungua maji ya mpira kwenye kijibomba cha mwanzo na uende ukakae mlangoni. Babu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilifungua, nikakimbia kushuka. Hakuna kitu. Dakika ikapita, kokoto zilikuwa zinalowa kwanza. Kisha ukatoka utepe mwembamba wa maji ya kahawia, ukasukuma jani moja kavu mbele yake, ukaanguka. Baada ya muda ukawa mweupe. Tulirudi juu kutembea kando ya mtaro wazi tukichungulia kama kuna mahali maji yamesimama. Palikuwepo mahali pamoja, mita ya 14, bomba lilikuwa limekaa juu ya jiwe. Dakika 20 za kurekebisha. Ungekuwa umefunikwa, nisingejua kamwe.

Jaza kokoto hadi sentimita 20 chini ya uso wa ardhi, kunja kitambaa juu yake, kisha fukia kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, ukitoa mteremko wa kuondoka nyumbani. Hii ni kwa mtaro unaowinda maji ya ndani ya ardhi: hutaki maji ya juu yenye taka yaingie moja kwa moja. Kama shida yako ni maji yanayotiririka juu ya ardhi kutoka mlimani, mtaro wa kina cha sentimita 45 hadi 60 upande wa juu wa nyumba, wenye kokoto hadi usoni, unatosha na ni kazi ya wikiendi.

Mlangoni funga wavu wa chuma. Panya na vyura wanapenda bomba kavu. Panga mawe makubwa chini yake ili maji yasichimbe.

Kama huwezi kuchimba nje

Kuna nyumba zilizobanana, au maji yanapanda kutoka chini ya sakafu, au kiwanja ni tambarare. Hapo mtaro unaingia ndani ya chumba. Kata sakafu ya zege kwa msumeno wa diski, sentimita 30 hadi 40 kutoka ukutani, vaa barakoa nzuri maana vumbi la zege linaharibu mapafu, na ufunike mlango wa ngazi. Chimba kina cha kulaza bomba na kokoto, tena bila kushuka chini ya jiwe la mwisho la msingi. Kama ukuta hauna kitako, sogea mbali nao zaidi na ufanye kipande kwa kipande. Bomba linashuka hadi kwenye shimo la pipa la plastiki lenye matundu, kipenyo kama sentimita 45 na kina sentimita 60, lililozungushiwa kokoto. Humo inakaa pampu yenye boya la kuiwasha.

Pampu iwe na vali ya kuzuia maji yasirudi, vinginevyo kila ikizimika bomba zima la kupandishia linamwagikia shimoni na pampu inawaka tena. Iwe na betri ya akiba, kwa kuwa mvua inayojaza shimo mara nyingi ndiyo hiyohiyo inayokata umeme. Shimo lifunikwe kwa kifuniko kisichopitisha hewa, hasa sehemu zenye radoni, gesi yenye mionzi inayotoka ardhini. Kisha rudishia zege juu ya mtaro. Kwa ukuta unaovuja, karatasi ngumu ya plastiki yenye vijinundu hubandikwa ili maji yashuke nyuma yake hadi mtaroni.

Nieleze wazi: njia hii hairuhusu ukuta ukauke kutoka nje. Inayapokea maji yakishaingia. Kwa mawe na chokaa napendelea nje kwanza, ndani baadaye kama bado.

Baada ya hapo

Ukuta wa mawe wenye unene wa nusu mita haukauki wiki moja. Wangu ulichukua miezi 8. Nilikwangua ile rangi yote, nikachokoa saruji niliyoitia kwa jasho langu mwenyewe, na kujaza maungio kwa chokaa. Saruji ni ngumu kuliko mawe laini na haipumui. Unyevu unatafuta njia kwenye jiwe lenyewe na kulibomoa. Chokaa inakubali unyevu utoke kupitia kwake. Usipake rangi wala kuweka mbao za ukutani hadi jaribio la nailoni likupe jibu kavu mara mbili, moja ikiwa baada ya mvua kubwa.

Mara moja kwa mwaka fungua vijibomba, pitisha maji ya mpira, utazame rangi yanayotoka nayo. Yakitoka na ute wa rangi ya chungwa, ni bakteria wanaokula chuma cha ardhini; wanaziba matundu, kwa hiyo safisha kila miezi michache kwa presha. Yakitoka na nyuzi nyembamba, ni mizizi. Usipande mti mkubwa juu ya mtaro.

Na chora ramani. Pima kutoka kona ya nyumba hadi kila kijibomba, andika kina, weka alama penye jiwe la mita ya 14. Yangu nimeibandika ndani ya mlango wa kisanduku cha umeme, kwa maandishi makubwa, pamoja na mshale unaoonyesha mlango uko wapi.